Miwani ya Mtu wa Mbele

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kliniki nzima ya macho, kuanzia daktari hadi mfagizi, ilimwita Bi Nukta, na jina hilo alilipata kwa jasho. Mwaka wake wa kwanza pale mapokezi alimrudishia daktari mmoja, ambaye sasa kastaafu, kadi ileile mara tatu kwa siku moja, kwa sababu mwandiko wake ulifanya mbili nukta tano isomeke ishirini na tano. "Nukta iko wapi, Daktari?" alimwuliza mara ya tatu, wagonjwa wakisikia. "Kadude haka kadogo ndiko kanakomtenga anayeona na anayepiga ukuta kwa paji la uso." Wagonjwa walicheka, daktari akatia nukta, na jina likaganda.

Kompyuta ilimkuta ana miaka arobaini na mitano. Wenzake wawili waliomba kuhamishwa. Yeye alimwomba binti yake amfundishe. Kwa miezi miwili alishinda Jumapili mezani akijaza jedwali la majirani wa kubuni, hadi wifi yake, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, akawa anauliza, "Leo umemwoza nani kwenye hiyo mistari yako?" Alijifunza kupanga, kujumlisha, kunakili na kubandika. Alipofikisha miaka hamsini na moja alikuwa karani ambaye vijana wenye vyeti walimfuata kumwuliza.

Kazi yake kubwa ilikuwa orodha ya mwezi. Yeye alikuwa na jedwali lake la majina: namba ya kadi, jina, simu, ukubwa wa fremu. Daktari wa sasa, binti mpole wa miaka thelathini na kidogo, alikuwa na jedwali lake chumba cha vipimo, lenye nguvu ya lenzi za kila mgonjwa kwa mpangilio uleule wa kadi. Mwisho wa mwezi Bi Nukta alinakili safu za vipimo kutoka kwa Daktari, akazibandika kando ya majina, kisha akapeleka karatasi nyuma ya jengo kwa Fundi Kioo, aliyekata lenzi na kuzipachika. Namba za kadi za Daktari hakuzinakili. Za nini, wakati anazo zake?

Kulikuwa na jambo la rangi pia. Daktari alipenda kuweka njano kwenye vipimo vya mtu aliyewahi kupasuliwa jicho. Msimamizi wa kliniki hakupenda. Njano ikichapishwa kwa mashine yao ilitoka kama doa la chai. Kwa hiyo Bi Nukta alizoea kubandika tarakimu tupu, bila rangi wala mistari ya Daktari, kisha anachukua ile burashi ya programu na kupaka jedwali zima sura ya mwezi uliopita: vichwa vya herufi nene, mistari myembamba, mstari mmoja mweupe, mmoja kijivu. Jedwali likitoka hapo lilikuwa limenyooka kama shati la bwana harusi, naye aliliangalia kwa raha kabla ya kulichapisha.

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, mwanamke mmoja mtu mzima alisimama mbele ya dirisha lake akiwa na kadi mbili mkononi. Bi Nukta alimkumbuka. Alikuwa amekuja na mumewe wiki mbili nyuma, wakapimwa mmoja baada ya mwingine, wakaondoka wameshikana kiwiko, kila mmoja akidai ndiye anayemwongoza mwenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaambia kwamba mzee hatakuja kuchukua miwani yake."

"Kasafiri?"

"Tulimzika Jumatatu." Aliiweka kadi moja dirishani na kuinyoosha pembe iliyokunjika. "Nikaona si vizuri mtengeneze kitu cha bure, na wengine wanangoja."

Bi Nukta alimpa pole, akairudia. Mjane alipotoka, alifungua jedwali lake, akautafuta mstari wa ishirini na nne, akaufuta. Waliobaki walipanda nafasi moja juu, pengo likazibika, wala usingejua kwamba pale palikuwa na mtu. Alikaa kidogo akitazama skrini. Kisha Fundi Kioo akachungulia mlangoni kuuliza kama orodha inakuja leo au aende zake nyumbani, na Bi Nukta akajipangusa macho, akafungua jedwali la Daktari, akanakili, akabandika tarakimu tupu, akapaka sura yake ya kawaida.

Chini kabisa ulibaki mstari mmoja wa vipimo usio na jina.

Aliuona. Jambo hilo lilimtafuna sana baadaye, kwamba aliuona. Alijiambia ni makombo ya mwezi uliopita, kwa sababu Daktari alikuwa na tabia ya kuandika juu ya jedwali la zamani, akaufuta. Akachapisha. Fundi akaondoka na karatasi akipiga mluzi.

Miwani iligawiwa baada ya wiki tatu. Siku chache tu, malalamiko yakaanza. Hilo halikumshtua mtu. Miwani mipya ni kama viatu vipya, hubana kabla ya kulegea, na Bi Nukta alikuwa na maneno yake ya siku zote: "Vaa wiki mbili, macho yatazoea." Alimwambia hivyo mwalimu wa hesabu aliyeona ubao umepinda. Alimwambia hivyo mama muuza vitambaa. Alimwambia hivyo mshona nguo mmoja mfupi mwenye maneno mengi, ambaye alirudi baada ya wiki mbili hasa, akavua miwani na kuibwaga dirishani.

"Dada, nimezoea, kama ulivyoniagiza. Nimezoea hadi nimemshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mpana na mmoja mwembamba. Kaniuliza kama ni mtindo."

"Pole, kaka. Nitamwambia Daktari akupime tena."

"Apime hii miwani, asinipime mimi. Mimi nilikuwa naona vibaya. Huyu mwenye miwani hii anaona vibaya kwa namna yake."

Bi Nukta alicheka kidogo, akamwandikia tarehe. Lakini maneno yale hayakumtoka. Huyu mwenye miwani hii.

Siku mbili baadaye alikuja mjane. Hakuja kulalamika. Alikuja kuirudisha kadi ya mumewe, kwa kuwa siku ile alikuwa ameiweka dirishani kisha akaichukua tena bila kujua. Kabla hajafika dirishani alikosa kidaraja cha mlango, kile kifupi ambacho hata watoto hukiruka, akadaka ukuta kwa mikono yote miwili. Bi Nukta alitoka mbio na kumkalisha kwenye benchi.

"Umeumia, mama?"

"La. Nimeshaanguka hivi mara mbili nyumbani. Nimezoea."

Neno hilo lilimchoma. "Tangu lini?"

"Tangu nivae hizi. Lakini si kosa la miwani, mwanangu." Mjane alizungumza polepole, kama mtu anayeeleza jambo alilokwisha kulimaliza moyoni. "Kila kitu kimekuwa kidogo, tena kimesogea mbali. Kikombe kiko mbali, mlango uko mbali. Nikajua tu ni kilio. Mtu akilia sana macho huchoka. Nikasema, basi, dunia ya mtu aliyefiwa ndivyo inavyoonekana."

Bi Nukta aliinama, akamvua ile miwani taratibu kwa mikono miwili. "Naomba niiazime dakika tano."

Alikwenda nayo nyuma kwa Fundi Kioo. Fundi aliiweka kwenye mashine ya kupimia lenzi, akafinya jicho. "Mainasi nne, kulia na kushoto, lenzi ya kupunguza ukubwa wa vitu. Ya nani hii?"

"Ya bibi mmoja." Bi Nukta alikuwa na kadi ya karatasi mkononi, mwandiko wa Daktari. "Kadi yake inasema plasi moja na nusu."

"Basi si yake."

"Kwenye orodha niliyokupa?"

Fundi alivuta karatasi kutoka kwenye msumari. Kidole chake kilichojaa vumbi la lenzi kilishuka hadi kwenye jina la mjane. Pale, kwa herufi safi, ndani ya mstari wa kijivu ulionyooka, palikuwa na mainasi nne. "Mimi nimekata kilichoandikwa, dada," alisema kwa sauti ya chini, si kwa kujitetea.

Hakuhitaji kuitafuta mainasi nne ilikotoka. Kadi ya pili, ile ya mzee ambayo mjane alikuwa amemkabidhi pale benchini, ilikuwa mfukoni mwa koti lake, na ndiyo iliyosema mainasi nne.

Alirudi mezani, akafungua nakala mpya ya jedwali la majina, akanakili tena vipimo vya Daktari vya mwezi ule. Safari hii hakuchagua tarakimu tupu. Alibandika kila kitu kama kilivyo, na rangi zake. Njano zilidondoka kwenye majina kama matone ya rangi ya nyumba. Mbili za kwanza zilikaa mahali pake. Ya tatu ilimkalia msichana wa chuo wa miaka kumi na tisa, ambaye hakuwahi kupasuliwa hata jipu. Aliyepasuliwa jicho alikuwa mzee mstaafu wa posta, mstari mmoja juu yake. Ya nne nayo ilikuwa mstari mmoja chini ya mwenyewe. Ya tano vivyo hivyo. Kuanzia pale alipomfuta marehemu, kila mtu alikuwa amepewa vipimo vya mtu wa mbele yake. Mjane amevaa miwani ya mumewe. Mshona nguo amevaa ya mjane. Na kuendelea, hadi mwisho, ambako vipimo vya mtu wa sitini na moja vilibaki bila mwenyewe, na yeye akavifuta kwa mkono wake.

Alihesabu. Watu thelathini na saba.

Mjane alipewa fimbo ya kuazima na mfagizi akamsindikiza hadi nyumbani. Bi Nukta alimwambia tu kwamba miwani ina hitilafu na wataitengeneza. Zaidi ya hapo ulimi ulikataa. Daktari siku hiyo alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye kikao. Jioni nyumbani Bi Nukta alikaa mbele ya sahani bila kuigusa. Mumewe alimtazama, akamtazama dada yake, akachukua redio yake na kwenda uani, kwa kuwa aliijua mipaka yake.

"Sema," alisema wifi.

Akasema yote. Wifi alisikiliza akipepeta mchele wa kesho, hakumkatiza.

"Hakuna anayejua bado?"

"Fundi anajua nusu. Ningeweza kuwaita mmoja mmoja, kimyakimya, nikasema ni lenzi mbovu za kiwandani. Ingepita."

"Ingepita," wifi alikubali. "Na yule bibi angeendelea kuamini kwamba alipofushwa na kumlilia mumewe."

Bi Nukta aliisogeza sahani kando.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi. Na wewe huna hata sura ya kuficha. Ukificha sukari tu kabatini unatokwa jasho."

Kesho yake saa mbili kamili asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Daktari na majedwali mawili yamechapishwa, moja safi, moja la njano. Alieleza amesimama. Alipofika kwenye ule mstari wa mwisho usio na jina, aliusema nao pia.

Daktari alipitisha kalamu kutoka jina hadi jina. Hakuwa mtu wa kufoka, na huenda Bi Nukta angefurahi zaidi kufokewa.

"Mama," alisema hatimaye, "hata mimi wamerudi kwangu. Sita. Mwalimu wa hesabu nilimwambia apumzishe macho. Sikuipima miwani yake. Niliamini orodha yako kwa sababu ni yako." Aliweka kalamu chini. "Nilipaswa kuipima. Tutaandika ripoti pamoja, tutie sahihi wote wawili. Sasa tuwasaidieje hawa watu?"

Fundi Kioo ndiye aliyeliona jibu, akiwa ameegemea mlango na kikombe chake. "Lenzi zote nzuri," alisema. "Kila mtu miwani yake ipo tayari, tena imekatwa vizuri, sema iko kwenye pua ya mtu wa nyuma yake. Na mwezi ule fremu zilikuja za aina moja tu. Waleteni wote siku moja. Wanapokezana, mimi narekebisha masikioni na puani. Wachache itabidi niwakatie upya, lakini si thelathini na saba."

Bi Nukta alipiga simu thelathini na saba. Angeweza kumpa kijana mmoja wa mapokezi nusu yake, hakutaka. Kila mmoja alimwambia hivyohivyo: nimekosea mimi kwenye orodha, miwani uliyovaa si yako, yako ipo, njoo Jumamosi saa tatu. Wengine walimshukuru. Mmoja alimtukana kwa ufasaha wa hali ya juu. Mwalimu wa hesabu aliuliza, "Kwa hiyo ubao haujapinda?" Akaambiwa haujapinda. "Nimemwadhibu mwanafunzi kwa kuchora mstari ulionyooka," alisema kwa huzuni, na akaahidi kufika.

Jumamosi ukumbi wa kungojea ulijaa. Benchi zilisukumwa ukutani, na Bi Nukta akawapanga kwa namba za kadi, mstari ukizunguka kutoka dirishani, ukapita mlangoni, ukaishia karibu na bomba la maji. Kwa mara ya kwanza aliiona orodha yake imesimama kwa miguu: huyu mrefu, huyu na mtoto mgongoni, huyu amekuja na sare ya kazi. Mbele kabisa alikuwa mjane, na fimbo ya kuazima.

Alisimama mbele yao na kuwaeleza. Hakusema mashine imekosea. Alisema, "Nilimfuta mtu upande mmoja, upande wa pili nikamsahau. Halafu nikawaambia mtazoea. Naomba radhi kwa yote mawili."

Mshona nguo akasema kutoka nafasi ya pili, "Basi mimi siku zote hizi nashona kwa macho ya huyu mama?"

"Ndiyo, kaka."

Mshona nguo alivua miwani, akaipangusa kwa shati lake, akainama kidogo. "Mama, samahani. Nimeitukana sana miwani yako."

"Ilistahimili," alisema mjane, na vicheko vikapita mstari mzima.

Wakapokezana. Kila mtu alivua yake na kumpa aliye mbele. Kwa dakika moja hivi ukumbi ulikuwa na watu thelathini na saba wasioona vizuri, wamenyoosha mikono, wanapapasa mabega ya wenzao. Kisha sauti zikaanza kutoka, si za juu: "Aa." "Hee." "Kumbe ukuta huu una maandishi." Msichana wa chuo alimshika mkono mzee wa posta kumsaidia kuvaa yake. Fundi Kioo alipita na koleo lake dogo na kitambaa chenye dawa, anapinda hapa, anakaza pale, na Daktari nyuma yake na kadi, anapima kila mmoja tena, mmoja baada ya mwingine. Watano nafasi kati ya macho yao ilikuwa pana au finyu kiasi kwamba lenzi hazikuwakaa sawa. Hao walipewa tarehe.

Mjane alivaa miwani yake. Alitazama mikono yake, pande zote mbili. Kisha akamtazama Bi Nukta usoni kwa muda.

"Kwa hiyo haikuwa kilio," alisema.

"Haikuwa kilio, mama. Yalikuwa makosa yangu. Macho yako ni mazima."

Mjane alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalimtoka wakati huohuo, akayaacha yashuke. "Nilikuwa najizuia, unajua. Nikilikumbuka la kumlilia nasema, nyamaza, utapofuka kabisa na watoto wako mbali." Alifungua kiganja, ile miwani ya mainasi nne ilikuwa bado mkononi mwake, kwa kuwa mbele yake hakukuwa na mtu wa kumpa. "Na hii?"

Bi Nukta alimtazama Daktari. Daktari alijifanya anasoma kadi.

"Ni ya mzee," alisema Bi Nukta. "Ichukue."

Msimamizi aliisoma ripoti Jumatatu. Bi Nukta alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na sita, na kwa kuwa mafaili ya wafanyakazi yalikuwa chini yake, aliitoboa na kuiweka mwenyewe. Daktari alipata barua yake pia. Tangu mwezi ule vipimo havikunakiliwa tena bila namba ya kadi, na Bi Nukta alizilinganisha namba mbili kwa mbili, kwa sauti, hadi Fundi Kioo akalalamika kwamba anasikia hesabu usingizini. Njano nayo ilibaki. Msimamizi alipouliza kuhusu madoa yale, aliambiwa ni ya kitabibu.

Alibaki mmoja: mtu wa sitini na moja. Huyu siku ile ya Jumamosi alimpa mwenzake wa mbele miwani na yeye akaondoka mikono mitupu, kwa kuwa nyuma yake hakukuwa na mtu. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye kiwanda cha unga, na zamu zake hazikumruhusu kurudi upesi. Miwani yake ilipokamilika, Bi Nukta aliifunga kwenye kitambaa na kuipeleka kwa miguu alipotoka kazini.

Mlinzi alisikia hatua zake, akasimama wima. "Shikamoo, mama."

Bi Nukta aliitikia, kwa sababu alikuwa ameshaamkiwa hivyohivyo na mtu huyu mara nne, kwenye simu na ana kwa ana, na hakuona vyema kubishana na mtu ambaye alimkosea. Akampa miwani. Mlinzi aliivaa kwa mikono miwili, akalitazama geti, akautazama mnara wa maji, akayasoma maandishi ya lori lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, neno kwa neno, pamoja na namba ya simu. Mwisho akamgeukia aliyemletea, akamkagua kuanzia utosini hadi viatuni. Nywele zake mwenyewe mlinzi zilikuwa nyeupe zote.

"Kumbe wewe ni mtoto mdogo tu," alisema. "Hebu nirudishie shikamoo zangu."

"Zote tano, baba?"

"Zote."

Bi Nukta alimwamkia mara tano, akizihesabu kwa vidole, na mlinzi akaitikia kila moja kwa zamu yake kabla ya kulifungulia lori lile geti.